Nyumba Nzuri kwa Pesa Kidogo: Tuanzie Wapi?



Kila mwaka mwezi wa Desemba ukikaribia, tunaona jambo moja vijijini mwetu. Watu wanaanza kutengeneza nyumba. Watoto wanarudi kutoka mjini, wageni wanatarajiwa, na kila mama anataka boma lake lionekane safi. Huyu anakandika, yule anapaka chokaa, na mwenye nacho anakwenda dukani kununua mkebe wa rangi. Ni jambo zuri sana. Lakini tukipita tena mwezi wa Mei, baada ya mvua ndefu, tunakuta rangi imebanduka, ukuta umeliwa na maji chini, na pesa zimekwenda. Desemba inayofuata kazi ni ile ile.

Somo la toleo hili ni la kusomwa kwa sauti katika mkutano wa kikundi. Mnaweza kuligawa mara mbili au tatu kama muda ni mfupi. Tunataka mlikumbuke jambo moja: tuponye nyumba kwanza, halafu tuipambe. Tukifuata mpangilio huo, hata pesa kidogo inakaa. Tukianza na pambo, hata pesa nyingi inamwagika.

Kuna watu husema, "Mimi nyumba yangu ni ya matope, nitaipamba na nini? Ngoja nijenge ya mawe." Miaka kumi inapita wakingojea, na watoto wanakulia katika nyumba yenye giza na vumbi. Nyumba ya udongo siyo aibu. Ikitunzwa inadumu miaka mingi, mchana wa jua kali kuta zake hazichemki haraka, na vifaa vyake viko karibu. Tunayozungumza hapa ni ya nyumba kama hiyo, yenye kuta za udongo na paa la mabati au nyasi, ambayo wengi wetu tunaishi ndani yake.

MAADUI WATATU WA NYUMBA

Nyumba ya udongo ina maadui watatu: maji, vumbi na moshi. Katibu asome maswali haya polepole, na kila mmoja afikirie nyumba yake.

Mvua ikinyesha, maji ya paa yanaanguka wapi? Je, yanarukia ukuta? Chini ya ukuta kuna mahali palipoliwa? Ukifagia asubuhi, vumbi linainuka? Kuna mtoto mwenye funza? Mama akipika, moshi unatokea wapi, na mtoto mdogo anakaa wapi wakati huo? Kuna mistari ya mchwa ukutani?

Kama majibu hayapendezi, usinunue rangi bado. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa maneno hayo ni kweli tupu.

1. MAJI

Tuanze nje, kwa sababu karibu kazi yote hapo haina gharama ila jasho.

Kwanza, udongo unaozunguka nyumba uteremke kuelekea nje, usielekee ukutani. Mahali palipo na shimo karibu na ukuta, jaza udongo na ushindilie kwa mchi au gogo. Chimba mfereji mdogo wa kupeleka maji mbali, usiwe chini kabisa ya ukuta bali mahali matone ya paa yanapoangukia au mbele yake kidogo.

Pili, angalia paa. Linafaa kutokeza nje ya ukuta karibu sentimita 60, yaani hatua moja fupi ya mtu mzima. Paa lililo fupi linaacha ukuta uchi. Kama huwezi kulirefusha sasa, panda nyasi fupi chini ya matone ili maji yasiruke na matope, na weka mawe kwenye kiuno cha nyumba upande ule unaopigwa sana na mvua. Ukipata gata hata la upande mmoja tu, unapata faida mara mbili: ukuta unapona, na maji yanaingia kwenye pipa.

Tatu, mchwa. Ukiona mstari wa udongo unapanda ukutani, ubomoe na ufuate hadi chini. Kuni zisiegemezwe ukutani, maana hapo ndipo mchwa hujificha. Fanya ukaguzi huo kila wiki siku ya kufagia uwanja.

2. UDONGO WA KUKANDIKA

Nyufa zinaletwa na udongo usiofaa. Udongo wenye mfinyanzi mwingi ukikauka hujikunja na kupasuka. Udongo wenye mchanga mwingi haupasuki, lakini unamung'unyika ukiugusa. Tunataka wa katikati.

Jaribio la kwanza ni la mkono. Chukua udongo, ondoa mawe, ulowanishe, kisha uviringishe uwe kama kidole kwa unene na mrefu kama kiganja. Ushike upande mmoja ukining'inia. Ukikatika mara moja, mchanga umezidi. Ukining'inia na kujipinda bila kukatika, mfinyanzi umezidi.

Jaribio la pili ni la ukutani, na hili msiliruke. Chukua udongo huo huo, tengeneza michanganyiko mitatu. Wa kwanza ni mkebe mmoja wa udongo na mkebe mmoja wa mchanga. Wa pili ni mkebe mmoja wa udongo na mikebe miwili ya mchanga. Wa tatu ni mmoja kwa mitatu. Paka kila mmoja mahali padogo, upana wa viganja viwili, na uweke alama. Ngoja siku tatu. Mchanganyiko usiopasuka na usiotoa vumbi ukiusugua kwa kidole gumba ndio wa nyumba yako. Wa jirani unaweza kuwa tofauti, hata kama mnapakana shamba, kwa hiyo kila boma lifanye jaribio lake.

Ukishapata kipimo, ongeza samadi mbichi ya ng'ombe, karai moja kwa kila makarai matatu ya mchanganyiko. Nyuzi ndogo za majani zilizo ndani ya samadi zinashika udongo usipasuke. Kanda kwa miguu au jembe, ufunike, ulale usiku mmoja au zaidi. Siku ya kazi, kwangua ukuta wa zamani unaobanduka, nyunyizia maji, ndipo ukandike. Udongo mpya haushiki ukuta mkavu. Usiweke tabaka nene mara moja. Ni afadhali mara mbili nyembamba kuliko mara moja nene. Tabaka la mwisho lisizidi nusu ya unene wa kidole, na udongo wake uchungwe kwanza kwa wavu ili ukuta uwe laini. Epuka jua kali la saa sita, maana ukuta ukikauka haraka unapasuka.

Jambo la kutahadhari: samadi huweza kubeba viini vya pepopunda. Mwenye kidonda au mkato mkononi au mguuni achote maji au ashike kazi nyingine siku hiyo, na wote waoshe mikono kwa sabuni. Samadi na udongo visikaribie kabisa kitovu cha mtoto mchanga. Akina mama wajawazito wasikose chanjo ya pepopunda kliniki.

Watu wengi hutuuliza kuhusu simiti. "Si nipige plasta ya simiti juu ya matope, mambo yaishe?" Mara nyingi hayaishi. Simiti ni ngumu na haiendi pamoja na udongo, ambao hutanuka na kunywea kidogo kwa unyevu na jua. Ufa ukitokea, maji yanaingia nyuma ya simiti na hayapati pa kutokea. Ukuta unaoza ndani huku nje unaonekana mzuri, na siku moja bamba zima linaanguka. Kama una simiti kidogo, itumie sakafuni.

3. VUMBI NA SAKAFU

Sakafu ya udongo yenye vumbi ndiyo nyumba ya funza. Mayai na viluwiluwi vyake hukaa katika vumbi kavu, na wakikua wanaingia miguuni. Mtoto mwenye funza hawezi kutembea vizuri kwenda shule, na wenzake wanamcheka. Kwa hiyo sakafu inatangulia pambo lolote la ukutani.

Asiye na simiti ashindilie sakafu vizuri ikiwa na unyevu kidogo, kisha aisiribe kwa udongo laini uliochungwa, samadi na jivu. Arudie kusiriba kila inapoanza kutoa vumbi, kwa wengi ni kila wiki au kila baada ya wiki mbili. Anyunyizie maji kabla ya kufagia. Mbwa, mbuzi na nguruwe wasilale ndani, kwa maana nao hubeba funza. Mwenye funza apelekwe kituo cha afya. Kutoana funza kwa pini moja ni hatari, kwa sababu pini hiyo inaweza kupitisha magonjwa kwenye damu kutoka kwa mtu hadi mwingine.

Mwenye uwezo wa magunia machache ya simiti aanze na chumba wanacholala watoto, siyo sebule ya wageni. Tunajua hapo wengine watanung'unika. Lakini mgeni anakaa saa mbili na viatu vyake miguuni, na mtoto analala humo usiku kucha akiwa miguu mitupu.

4. MOSHI

Hakuna chokaa inayoweza kushindana na moshi. Ukipaka jiko lisilo na tundu la moshi, mwezi mmoja tu kuta ni nyeusi tena. Na moshi hauchafui ukuta peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2020 moshi wa ndani ya nyumba ulichangia vifo vya watu kama milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Masizi yale tunayoyaona ukutani, kifuani mwa mtoto pia yamo.

Cha kufanya siyo kigumu. Kama inawezekana, jiko liwe katika nyumba yake, mbali na chumba cha kulala. Toboa madirisha mawili yanayoelekeana, hata kama ni madogo, ili upepo uingie huku na moshi utoke kule. Acha nafasi wazi kati ya ukuta na paa upande wa jikoni. Kausha kuni kabla ya kuzitumia, na funika sufuria. Tena kuna lile jiko la Maendeleo, ambalo lilienezwa vijijini tangu miaka ya 1980 na wengi wenu mnalijua. Ni kikombe cha udongo uliochomwa ambacho hujengewa jikoni kwa mawe na matope. Linakula kuni chache kuliko mafiga matatu. Vikundi vingi vya akina mama vimejifunza kulijenga kwa siku moja.

Katika nyumba ya kulala mambo ni kinyume kidogo. Pale nafasi kati ya ukuta na paa ndiyo mlango mkuu wa mbu. Izibe kwa wavu wa waya, ili hewa ipite na mbu abaki nje. Na neno moja kwa wasomaji wetu wa Migori, Homa Bay na kwingineko ambako nyumba zimekuwa zikinyunyiziwa dawa ya mbu ukutani: kandikeni na kupaka kabla ya wapulizaji kuja. Ukikandika baada yao, umeifunika dawa na mbu atakaa juu yake bila wasiwasi. Muulizeni mhudumu wa afya ya jamii kabla ya kupanga siku ya kazi.

5. CHOKAA NA RANGI

Sasa ukuta ni mzima, sakafu imeshikana, moshi una njia. Ndipo tunapamba.

Tuanze na chokaa, kwa sababu ni rahisi na inafaa ukuta wa udongo. Chokaa inaruhusu ukuta upumue unyevu wake. Inaleta mwangaza pia. Chumba cheupe kinahitaji taa ndogo kuliko chumba cheusi, iwe ni koroboi au taa ya sola, na mtoto anasoma bila kuinamisha kichwa hadi kwenye daftari. Kutiwa kwenye nyufa nyembamba, inaziba maficho ya kunguni na mende. Kwetu Kenya chokaa si kitu kigeni. Huko Koru, Kisumu, inatengenezwa kutokana na mawe ya machimbo, na watu wa Pwani tangu kale walichoma mawe ya matumbawe kupata chokaa ya kujengea na kupaka nyumba zao.

Ukienda dukani sema unataka chokaa ya kupaka nyumba, ile iliyokwisha kuzimwa. Usipewe chokaa ya shamba, ile ya kupunguza asidi ya udongo. Zote ni nyeupe, lakini ile ya shamba haishiki ukutani, itakubaki kwenye nguo. Tena usikubali mawe ya chokaa mbichi isiyozimwa. Ikikutana na maji inachemka kwa nguvu na inaweza kumwunguza mtu vibaya.

Namna ya kupaka ni hii. Changanya mkebe mmoja wa chokaa na mikebe miwili ya maji, ongeza konzi moja au mbili za chumvi kwa ndoo ili isitoke kwa urahisi, koroga, na uache hadi kesho. Asubuhi ichuje kwa kitambaa. Iwe nyepesi kama maziwa. Wengi wanaharibu hapa. Wanaipaka nzito kama uji ili wamalize mara moja, na ikikauka inabanduka kama magamba. Lowanisha ukuta, paka mara ya kwanza nyepesi, hata kama unaona haijaficha kitu. Itazidi kuwa nyeupe ikikauka. Kesho yake rudia, na kesho kutwa tena. Vaa nguo za mikono mirefu na ufunike macho. Chokaa ikiingia machoni, osha kwa maji safi mengi kwa muda mrefu na uende hospitali. Watoto wasiachwe karibu na ndoo.

Je, na rangi ya dukani? Kabla hamjanunua, pigeni hesabu. Chukua chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kuta za mita 2.4 kwenda juu. Kuzunguka kuta zote ni mita 14. Zidisha kwa 2.4, unapata mita mraba karibu 34. Toa mlango na madirisha, zinabaki kama 30. Lita moja ya rangi ya maji hupaka karibu mita mraba 10 za ukuta laini, mara moja. Kwa hiyo mara mbili ni lita 6. Lakini ukuta wa udongo wenye mabonde na mashimo hunywa rangi nyingi zaidi, na lita 6 zinaweza kuwa 8 au 10. Ndiyo maana tulisema ukuta ulainishwe kwanza. Udongo uliochungwa ni wa bure, na kila lita unayookoa ni pesa mfukoni.

Rangi ya mafuta isipakwe kwenye ukuta wa udongo. Inaziba unyevu ndani na kubanduka. Ikae kwenye milango na fremu za madirisha. Na kama una mlango au kitanda cha zamani chenye rangi ya mafuta inayobanduka, usiikwangue ikiwa kavu. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru akili za watoto. Ilowanishe kwanza, fanyia kazi nje, na watoto wakae mbali.

6. RANGI ZA UDONGO WETU

Kuna rangi ambazo hazina bei. Sehemu za Nyanza na Magharibi akina mama wamekuwa wakipamba kuta kwa udongo wa rangi tangu zamani, na maumbo yao ya pembe na mistari yanapendeza kuliko karatasi yoyote ya dukani. Siku hizi vijana wengine wanaona ni ushamba. Sisi tunasema ni hazina. Kikundi chenye bibi mmoja anayejua kazi hiyo kimketishe, wasichana na wavulana wajifunze kutoka kwake.

Udongo mwekundu mnaujua. Mweupe na wa kijivu hupatikana kando ya mito na mabondeni. Jivu linatoa kijivu, na makaa yaliyosagwa yanatoa nyeusi. Saga, chunga kwa kitambaa, na ukoroge na maji. Ili isitoke ukigusa, tengeneza gundi ya uji. Koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano au muhogo katika maji baridi, mimina kwenye maji yanayochemka huku ukikoroga, na ukishakuwa mzito ongeza maji uwe mwepesi. Changanya na udongo wako wa rangi upate kitu kama maziwa mazito. Gundi hii ni ya ndani ya nyumba, penye ukavu. Penye unyevu itaota ukungu.

Shauri moja kutoka kwa wenye uzoefu: sehemu ya chini ya ukuta, hadi karibu na kiuno cha mtu, paka rangi iliyokolea, na juu yake nyeupe. Huko chini ndiko watoto wanakoshika kwa mikono michafu. Ukipaka nyeupe hadi sakafuni utalia kila wiki.

Mkichimba udongo, msichimbe ukingo wa mto wala kando ya barabara, na mfukie shimo. Shimo lililoachwa ni bwawa la mbu na ni hatari kwa mtoto.

7. VITU VIDOGO NDANI

Hapa hatutasema mengi, kwa maana akina mama wana ujuzi kuliko sisi. Leso iliyochakaa katikati bado ina pindo zuri, na pindo hilo ni pazia la dirisha. Magunia ya unga yaliyofuliwa yanashonwa kuwa vitambaa vya kufumia. Mikebe ya mafuta ya kupikia, ikitobolewa chini ili maji yasisimame, inafaa kwa maua. Ubao mmoja na kamba mbili ni rafu ya vyombo. Vyombo vikiinuliwa kutoka chini, nyumba inaonekana kubwa zaidi na panya anakosa njia.

Kubandika magazeti ukutani kunaonekana rahisi, lakini nyuma yake mende na kunguni hupata nyumba bora kuliko yako. Dari la magunia nalo hushika moto haraka. Viache hivyo. Kalenda moja na picha ya familia zinatosha.

8. PESA, KIKUNDI NA ZAMU

Sasa tufike kwenye jambo gumu. Pesa zinatoka wapi, na ni nani anayeamua?

Tuseme mama mmoja amepata zamu yake ya meri-go-raundi, shilingi 3,000. Njia ya kwanza ni kulipa rehani ya kwanza ya viti vya sofa, na miezi kumi ijayo atakuwa akitafuta pesa za kumalizia. Akishindwa, viti vinarudishwa na pesa zake hazirudi. Njia ya pili ni kununua wavu wa dirisha la chumba cha watoto, chokaa, brashi na kikombe cha jiko, na pesa zikibaki aweke kwa gata. Hatasifiwa barabarani. Lakini hatadaiwa na mtu, na usiku hatasikia kikohozi. Hatusemi viti ni dhambi. Tunasema viti vije baadaye, na vije kwa pesa iliyo mkononi.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi katika mikutano. Mara nyingi kukandika, kusiriba na kuchota maji ni kazi ya mama, lakini pesa ya mabati na misumari iko kwa mzee wa boma. Mama anakandika kila mwaka ukuta ule ule unaoliwa na maji, kwa sababu paa ni fupi na mzee hajaliona. Hiyo ni kazi ya kutwanga maji. Tunaomba somo hili lisisomwe na akina mama peke yao. Waiteni akina baba mkutano mmoja, mzunguke nyumba mbili tatu pamoja wakati wa mvua, wajionee maji yanapogonga. Mwanaume akisharekebisha paa na mfereji, mke wake anapumzika kukandika misimu kadhaa.

Kwa kazi yenyewe, msiajiri fundi kama hamhitaji. Mababu zetu walikuwa na desturi ya kusaidiana kwa zamu. Wakikuyu wanaiita ngwatio, Wakamba mwethya, Wajaluo saga. Kikundi cha watu 12 kinaweza kukandika nyumba ndogo kwa siku moja, ikiwa udongo umekandwa tangu jana na maji yamechotwa. Mwenye nyumba atayarishe vifaa na chakula cha kawaida, siyo karamu. Kikundi kinunue brashi, karai, wavu wa kuchungia na mwiko, vitunzwe na mtu mmoja, na vizunguke.

Ni nani atangulie? Hapa vikundi vingi vimevunjika. Mwenyekiti anatengenezewa kwanza, halafu mweka hazina, halafu mvua inafika na wengine wanabaki hivyo hivyo. Sisi tunashauri hivi: nyumba yenye mtoto mchanga, mgonjwa au mzee itangulie, kisha zilizobaki zipigiwe kura. Viongozi wawe wa mwisho. Na katika kila msimu chagueni nyumba moja ya mtu asiye mwanachama, mjane au mzee asiye na mtu, mumtengenezee bila malipo. Kikundi kinachofanya hivyo kinajulikana kijiji kizima, na wanachama wapya hawakosekani.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika maadui watatu, maji, vumbi na moshi, ni yupi anayesumbua zaidi kijijini kwetu? Kwa nini?

2. Mwaka jana kila mmoja wetu alitumia pesa ngapi kupamba nyumba? Ni kitu gani kati ya hivyo kimebaki hadi leo?

3. Sebule ya wageni na chumba cha watoto, ni kipi tunachokitengeneza kwanza? Tunafanya hivyo kwa ajili ya nani?

4. Katika maboma yetu ni nani anayeamua pesa ya kutengeneza nyumba, na ni nani anayefanya kazi?

5. Ni nyumba gani tatu zinazofaa kutangulia kabla ya mvua ijayo?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mwanachama afanye jaribio la udongo ukutani kwake, michanganyiko mitatu, na aje kueleza upi ulishinda. Kila mmoja azunguke nyumba yake wakati wa mvua na aweke kijiti mahali maji yanapogusa ukuta. Katibu aandike majina ya nyumba zitakazotangulia, na asome orodha hiyo mbele ya wote ili pasiwe na manung'uniko.

Kikundi kitakachomaliza nyumba yake ya kwanza kituandikie barua. Tuelezeni mlitumia nini, kilichofaulu na kilichokataa, ili vikundi vingine wajifunze kwenu. Tunawatakia kazi njema.